Mjumbe Aliyetoka Kikaoni

Kabla hajawa mjumbe wa baraza la mji, Bornia Ayari tulimjua kwa magauni ya harusi. Duka lake mjini kwetu, Ain Rihana, lilitazamana na langu la viungo, na dirishani alisimamisha sanamu mbili zisizo na vichwa, zimevaa satini. Karibu kila bibi harusi wa mji wetu alipita mikononi mwake. Alijua nani kanenepa tangu achumbiwe, nani analia wakati wa kujaribu gauni, nani anaolewa harakaharaka na kwa nini, na hakuna hata neno moja lililowahi kuvuka pazia la chumba chake. Ndiyo maana uchaguzi wa manispaa ulipokuja, wanawake walimwambia, "Wewe mwenye mdomo mzito, nenda ukatusemee." Akagombea, akashinda, akaanza kwenda vikaoni na mkoba wake wa ngozi ambao bado ulikuwa na pini ndani.

Hakuolewa. Aliishi ghorofa ya chini ya nyumba ya marehemu baba yao, pamoja na mama yao, Mama Hnia. Juu aliishi mdogo wake Lamjed, mkandarasi wa ujenzi, na mkewe na watoto. Nasema nyumba ya baba, lakini kisheria ilikuwa ya Lamjed. Mzee alimwandikia yeye peke yake muda mfupi kabla ya kufa, pamoja na jengo lenye duka la magauni. Bornia alinilalamikia jambo hilo mara moja tu. Kisha akatazama pembeni akaniomba nisahau.

Mafuriko ya vuli yalikuwa yamezoa daraja la miguu la Mto Zarga. Watoto wa ng'ambo, waliokuwa wakivuka hapo kwenda shule, sasa walizunguka kwa barabara ya malori, na kila mama wa ng'ambo aliomba dua akisikia honi. Kwa hiyo baraza lilipotangaza zabuni ya daraja jipya, hakuna aliyezungumza kingine.

Hofu ilimwingia Bornia mchana wa Ijumaa, mezani, wakila kuskusi kutoka sahani moja.

"Jumanne mtalisikia jina langu huko kwenu," Lamjed alisema huku akivunja mfupa. "Daraja. Nimeomba hiyo kazi."

Mama Hnia alipiga kigelegele. "Mwanangu ajenge daraja! Laiti baba yako angekuwepo!"

Bornia aliweka kijiko chini. "Mbona hukuniambia?"

"Si ndiyo nakwambia? Nimeongea na Haji Mokhtar, kasema mambo sawa." Haji Mokhtar ndiye aliyekuwa meya wetu. "Kazi yako wewe ni ndogo, dada. Nyoosha mkono, basi. Hata kuongea huhitaji."

"Mimi ni dada yako, Lamjed. Siruhusiwi kukaa kwenye kikao hicho."

"Nani atakukataza? Mji huu nani si ndugu ya nani?" Alicheka, akasogeza nyama nzuri upande wa Bornia, kisha akaweka kiganja chake juu ya mkono wa dada yake, akakiacha hapo. "Kula, nyama inapoa. Dukani vipi? Paa halivuji?"

Miaka yote ile hakuwahi kuuliza habari za paa. Bornia aliniambia kwamba aliitazama ile nyama na hakuigusa.

Kesho yake alikuwa uani akianika mashuka. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ukuta ambao Lamjed aliujenga masika yaliyopita. Nguzo ya kamba ya nguo ikaponyoka ikagonga pembe ya ukuta, na pembe ikaanguka. Aliokota kipande, akakikwaruza kwa ukucha. Kikamomonyoka kama mkate mkavu. Akakumbuka jinsi Lamjed alivyojisifu siku ile anaujenga, kwamba yeye hanunui mchanga, anachota palepale mtoni pamoja na tope lake, mchanga wa Mungu wa bure. Alibaki amesimama na kile kipande mkononi, mashuka yanampiga usoni, anawaza nguzo zikisimama ndani ya maji na watoto wakipita juu yake na mikoba mgongoni.

Jumatatu, Bechir aliingia dukani kwake. Ni mwalimu wa jiografia, mjumbe wa baraza, mtu wa kupinga kila anachosema meya. Alijifanya anakagua shela.

"Binti yako anaolewa, mwalimu?" Bornia alimuuliza.

"Binti yangu bado ananyonya kidole. Sikiliza, Lella Bornia." Lella ndivyo tunavyomwita bibi wa kuheshimiwa. "Tumegawanyika katikati. Ukikaa ukasema hapana, Lamjed kaanguka. Ukitoka, kura zinalingana, na zikilingana, ya meya inahesabiwa mara mbili. Unajua ataiweka wapi."

"Najua."

"Basi kaa! Mpinge ndugu yako hadharani, kwa ajili ya haki. Mji utakubeba mabegani."

Bornia aliichukua ile shela akaikunja. Baada ya uchaguzi, wajumbe wapya walipelekwa kwenye mafunzo, na mwanasheria mmoja mwanamke, mwenye sauti ya kukwaruza, aliwafundisha jambo hilihili. Mwenye maslahi hutangaza maslahi yake, yakaandikwa kwenye kumbukumbu, kisha hutoka nje. Hakai kimya kitini akidhani kimya kinatosha. Hawavuti wenzake mashati kwenye korido. Mjumbe mmoja akauliza, "Na kama nataka kumpinga ndugu yangu?" Yule mwanasheria akasema, "Toka vilevile. Hakuna atakayejua, pengine hata wewe mwenyewe, kama unampinga kwa sababu kazi yake ni mbaya au kwa sababu ya shamba la baba yenu." Watu walicheka sana siku ile. Bornia naye alicheka.

"Mwalimu," akamwambia Bechir, "tangu juzi najiona kichwani nikinyoosha mkono, nasema hapana, Lamjed anaona. Na moyo wangu unafurahi. Furaha hiyo inanitisha kuliko Lamjed mwenyewe."

"Sikuelewi."

"Bora hivyo."

Jumanne, meya alipofika kwenye habari ya daraja, Bornia alisimama. Alishika ukingo wa meza.

"Mmoja wa walioomba kazi hii ni mdogo wangu wa tumbo moja. Naishi katika nyumba yake, na duka langu liko katika jengo lake. Naomba iandikwe, na naomba kutoka."

Haji Mokhtar alitabasamu. Ni mtu mnene mwenye mikono laini, anayekuita kwa upole hata akikutukana. "Lella Bornia, keti, mama. Hapa sote ndugu. Tukianza kutoka, tutabaki na viti."

"Iandikwe, Haji."

"Iandikwe, iandikwe," meya alimwambia karani, akipunga mkono kama anayefukuza nzi.

Hakusimama mlangoni. Aliteremka mpaka barabarani, akakaa kwenye kizingiti cha duka la dawa, mkoba mapajani. Kutoka pale hakusikia kitu, na alisema huko kutosikia ndiko kulimla zaidi. Bechir alipotoka alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Hongera. Zimelingana, meya kamalizia. Nduguyo kashinda." Akamshika Bornia kiganja, akakigeuzageuza. "Mikono hii safi, inang'aa. Watoto wetu watavuka juu yake?"

Kufikia Alhamisi mji mzima ulikuwa na wimbo mmoja. Kwenye foleni ya mkate mwanamke mmoja alisema kwa sauti, bila kumtazama, "Kaka anakula, dada anashika mlango." Watu wakacheka. Bornia alichukua mikate yake akaondoka bila chenji.

Lakini lililomvunja lilikuwa nyumbani. Lamjed alishuka na nusu kondoo begani, akamwekea Mama Hnia jikoni, akambusu dada yake kwenye paji la uso. "Mimi nilidhani unanifanyia ukorofi! Kumbe akili! Umetoka, hakuna wa kusema neno, na kazi nimepata. Haji Mokhtar mwenyewe kakusifu."

Bornia aliingia chumbani akafunga mlango. Alikuwa amefanya alichopaswa, na kila aliyemtazama aliona mwizi au mwerevu.

Alikaa na hilo siku kadhaa. Mjumbe alikuwa amezibwa mdomo, sawa. Lakini yule dada aliyeuona ule ukuta ukimomonyoka je? Mwishowe alifunga duka, akaenda mji wa mkoa, kwenye ofisi ya barabara na madaraja. Alipokewa na mhandisi anayeitwa Wided, mwanamke kijana mwenye buti za matope chini ya meza. Bornia alitoa kipande cha ukuta kutoka mkobani, amekifunga kwa kitambaa cha satini, akaeleza.

Wided alikiminya, vumbi likamwagika kwenye meza. "Unazungumza kama nani hapa? Kama mjumbe?"

"Hapana. Huko nilitoka. Kama mtu aliyeona."

"Ukuta wa uani si nguzo ya daraja. Siwezi kusimamisha kazi kwa hiki. Ninachoweza ni kuagiza nguzo zitobolewe, zege lipimwe. Ila agizo hilo lazima lioneshe lilikotoka, na mkandarasi ana haki ya kulisoma."

"Jina langu ataliona?"

"Ataliona." Wided alimsogezea karatasi. "Na kama kuna ugomvi kati yenu, mali, urithi, chochote, uandike hapohapo. Useme wewe kabla hajasema yeye."

Bornia aliandika yote mawili, mchanga wa mtoni na nyumba ya baba. Aliniambia kwamba habari za mchanga ziliandikika, ila alipofika kwenye nyumba, aliishika kalamu kwa mikono miwili.

Kisha akarudi nyumbani kwa Lamjed kusubiri.

Sijawahi kumwona mtu akikonda kwa haraka vile. Agizo lilikuwa linapita meza kwa meza huko mkoani, na huku nguzo zilikuwa zinapanda mtoni. Kila wingu lilipokaa juu ya mlima alitoka mlangoni akalitazama. Alizijua hatua za Lamjed kwenye ngazi, zipi za furaha, zipi za hasira, na sasa alizisikiliza zote akiwa ameacha kupumua. Alianza kuegemeza kiti kwenye mlango wa chumba chake.

"Unamwogopa nani?" Mama Hnia akamuuliza. "Wezi?"

"Paka, mama. Paka wanaingia."

"Paka gani wa kuwekewa kiti?"

Simu zikaanza. Akipokea, upande wa pili mtu anapumua tu, kisha inakatika. Akipiga namba ileile, haipatikani. Nilimwambia abadilishe laini. Alisema, "Nikibadilisha, nitajuaje kama bado wananifikiria?"

Asubuhi moja alifungua duka akanipigia ukelele. Nilivuka barabara na mchi mkononi. Kufuli lilikuwa zima, mlango mzima, kioo kizima. Lakini sanamu mbili za dirishani zilikuwa zimegeuzwa, zinatazama ukuta. Alipoigusa moja, gauni likafumuka mgongoni na mchanga ukaanza kumwagika, mchanga wenye maji, wenye tope na vijiwe vya mtoni, ukamiminika juu ya viatu vyake bila kukoma.

"Nani ana ufunguo wa pili?" nilimuuliza, ingawa nilijua. Mwenye nyumba ndiye mwenye ufunguo wa pili.

Lamjed alikuja kabla ya adhuhuri. Aliingia, akateremsha pazia la chuma mpaka nusu. Mimi nilisimama mlangoni kwangu. Kutoka pale niliona miguu yao minne na nikasikia kila kitu.

"Ni wewe. Nimelisoma jina lako kwenye agizo," alisema.

"Ni mimi."

"Angekuwa Bechir ningeelewa. Dada yangu! Tumelala kitanda kimoja tukiwa wadogo!" Nikasikia mlio wa chuma. Alikuwa amechukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, anaufungua na kuufunga. "Umefanya hivi kwa ajili ya nyumba. Sema. Sema ni nyumba ya baba."

"Weka mkasi chini, Lamjed."

"Sema!"

"Nyumba imo moyoni mwangu, ndiyo." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. "Nimewaandikia hivyohivyo. Ndiyo maana sikupiga kura. Ndiyo maana nimetaka mashine ipime, siyo mimi. Kama zege ni zuri, mimi ndiye mwongo, na mji mzima utajua nimekuonea wivu. Zege ni zuri?"

Mkasi ukanyamaza.

"Lamjed, zege ni zuri?"

Nilitegemea apige kelele. Badala yake nikaona miguu yake inarudi nyuma, akakaa kwenye kiti cha maharusi. Alipoongea tena, nilishtuka. Ilikuwa sauti ya mtu anayeogopa kuliko dada yake.

"Unadhani mchanga ule nauchota kwa mikono? Malori ya nani? Malori yote ni ya mkwe wa Haji Mokhtar. Nilimwambia Haji, kwa daraja tununue mchanga wa machimbo, uliooshwa. Akasema, ukinunua kwingine, kazi nyingine usahau."

"Mkwewe?" Bornia akasema. "Na yeye alikaa kwenye kiti chake siku ile. Akaniambia sote ndugu."

"Akapiga kura mara mbili!" Lamjed alicheka, kicheko kibaya cha kukauka.

"Waambie hayo."

"Mimi niwaambie? Unataka nikatafutwe mtoni?" Alisimama, akaurusha mkasi mezani. "Mpaka mwisho wa wiki sitaki kukuona. Nyumbani wala hapa. Mama anabaki."

Bornia alidhani mama yake angesema neno. Alipokuwa anafunga masanduku, Mama Hnia aliketi kitandani na tasbihi yake, asimtazame. Mlangoni tu ndipo alipofungua mdomo. "Umemvua nguo mdogo wako mbele za watu. Nguo zako umeyavalisha masanamu, zake ukamvua." Bornia alimbusu kichwa, akatoka.

Siku ya kutoboa nguzo nusu ya mji ilijipanga ukingoni mwa mto. Wingu lilikuwa zito. Wided alisimama kwenye matope karibu na mashine, na mche wa zege uliochomolewa ndani ya nguzo ulipotoka, ambao ulipaswa kuwa mgumu kama jiwe, aliuinua kwa mikono miwili, ukakatika katikati kabla hajaubonyeza. Kisha mama mmoja wa ng'ambo akaanza kulia, akimwita mwanawe kwa jina, ingawa mtoto alikuwa amesimama pembeni yake, mzima.

Kazi ilisimamishwa, mkataba ukafutwa. Lamjed aliitwa kuhojiwa, na alipoona kwamba ataubeba mzigo wote peke yake, akayataja malori. Haji Mokhtar alijiuzulu kwa sababu za afya. Kesi yao iko mahakamani hadi leo. Kila inapotajwa inaahirishwa.

Msidhani mji ulimbeba Bornia mabegani. Majira yale ya baridi watoto waliendelea kuzunguka kwa barabara ya malori, na wazazi walewale waliolia mtoni walimsema sokoni: "Tulikuwa na daraja bovu, sasa hatuna hata bovu." Alipanga chumba nyuma ya gereji la mabasi, akaweka magauni yake humo. Maharusi walikuja mmojammoja, kwa kujificha kidogo. Simu za kupumua hazikukoma. Mpaka leo hajui ni nani. Alikata nywele fupi, akaacha kutembea peke yake magharibi. Nilipomuuliza kama anajuta, alisema, "Sijui. Ninaogopa tu. Nilidhani ukimaliza kufanya jambo sahihi hofu inaisha."

Barazani aliendelea. Zabuni zilipoitishwa upya, Bechir alisimama, akakohoa, akasema kwamba shemeji yake ni mshirika katika kampuni mojawapo, akaomba iandikwe. Akatoka. Alipopita nyuma ya Bornia alikigusa kiti chake kwa vidole. Daraja lilijengwa na watu wa mbali, na kiangazi watoto wakaanza kuvuka.

Mwaka ule ulipoisha Lamjed alimpigia simu. "Mama kaanguka bafuni. Mke wangu hayupo, siwezi kumwinua peke yangu." Akakata.

Alinipitia dukani uso umempauka. "Kama ni mtego?" aliniuliza. Nikamwambia nitamsubiri chini. Mama Hnia alikuwa amehamishiwa juu kwa mwanawe, kwa hiyo Bornia alilazimika kupanda zile ngazi ambazo alizisikiliza majira mazima. Lamjed alikuwa mlangoni. Hakumsalimu. Alijibana ukutani, dada yake apite.

Mama alikuwa sakafuni kweli, ananung'unika kwamba maji yamemfika mgongoni. Lamjed alimshika mabega, Bornia miguu.

"Taratibu, mguu wa kushoto unamuuma," Lamjed alisema.

"Nimeona."

Walimlaza kitandani, wakamfunika. Mama Hnia aliwatazama wote wawili, kisha akageukia ukutani akasema anataka kulala. Bornia alipokuwa anashuka nilimwona anashika ukuta kwa kiganja, anaweka mguu, anasikiliza nyuma yake, anaweka mwingine. Juu mlango ulifungwa polepole, bila kishindo, na ufunguo ukazungushwa.

"Twende," akaniambia alipofika chini, na akanishika mkono mpaka tulipovuka barabara.